Minyoo wa Dada na Samaki wa Chupani

Dada yangu anafuga minyoo. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia anafanya kazi maabara huanza kunipitishia watoto wao, eti awachome sindano kwa bei ya undugu. Hachomi mtu sindano. Anafuga minyoo wa kichocho, amewafuga miaka ishirini na mitatu, na kama una kinyaa funga hapa uende zako, hakuna aliyekushika.

Kazini wanamwita Mama Konokono, kwa kuwa minyoo hao hawafugwi peke yao. Mayai yao huanguliwa majini, wadudu wanaotoka humo huingia kwa konokono na kukaa kwake mwezi na ushee, kisha hutoka mabuu wenye mkia wanaotafuta ngozi ya kupenya. Ziwani ngozi hiyo ni ya mtoto anayeoga. Maabara ni ya panya mweupe. Ndani ya panya minyoo hukomaa, dume akamkumbatia jike na asimwachie tena mpaka kifo. Dada alinieleza hilo mwaka ule mumewe alipohamia kwa mwanamke mwingine, akaongeza kwamba sasa ninajua kwa nini anapenda kwenda kazini. Mayai hutolewa kwa panya, hurudishwa majini, na mduara ukikatika mahali popote ukoo mzima umekwisha. Kwa hiyo dada hajawahi kuchukua likizo ya zaidi ya siku nne. Baba yetu alipofariki alikuja, akazika, na siku ya tatu alikuwa anabadilisha maji ya konokono.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wake wa kwanza konokono walikuwa wakifa kila wiki, wataalamu wakakaa vikao juu ya ugonjwa usiojulikana, na yeye pale kwenye sinki akasema maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, mnawamwagia viumbe hai mnategemea nini. Akajaza ndoo, akaziacha wazi siku mbili, ndipo akawabadilishia. Konokono wakaacha kufa. Kwenye ripoti ya mwaka ule iliandikwa kwamba mazingira ya ufugaji yaliboreshwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutotajwa, na tangu hapo hawakuwahi kujisahau wakalitaja. Minyoo wake wamepimiwa dawa, wamepigwa picha, wamesafirishwa nchi za mbali ndani ya konokono waliofungwa kwenye pamba yenye unyevu. Zimeandikwa makala arobaini na kitu. Mwishoni mwa baadhi yake kuna mstari unaosema waandishi wanamshukuru fundi wa maabara. Fundi gani, hawasemi.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Hasira za dada ziko mbali, lakini zikifika hazina haraka ya kuondoka.

Basi akaja Daktari. Si daktari wa kutibu, ni yule wa kusoma mpaka vitabu vikaisha. Kijana wa kumzaa, mpole, alikuwa akimwamkia dada shikamoo kila asubuhi na kumwita mama, na alikuwa mtu wa kwanza pale kuvuta kiti akae aangalie anavyohesabu konokono wake. Kwa hilo peke yake dada alimpenda. Alikuja na mashine ya kusoma vinasaba, ndogo ya kuingia mkobani, inayosoma chochote unachoitia na kukuandikia herufi mpaka uchoke. Alitaka kuwasoma minyoo wa dada, na hasa kutafuta ndani yao vipande vinavyohama.

Siku dada alipoelezwa maana ya vipande hivyo alikuja dukani kwangu moja kwa moja, hata mkoba hajautua, akashika pateni ya gauni niliyokuwa nimeitandaza mezani. Akasema fikiria vinasaba ndiyo hii karatasi. Sasa fikiria huu mfuko uliouchora hapa pembeni umejinakili wenyewe, nakala moja ikaenda kukaa mgongoni, nyingine shingoni, nyingine katikati ya mkono, na hakuna fundi aliyeziamuru. Nikamwambia gauni hilo halivaliki. Akasema mnyoo anavaa. Karibu nusu ya pateni yake yote ni mifuko ya namna hiyo, mingi imelala haifanyi kitu, mingine bado inajinakili, na mara mojamoja mmoja unatua pazuri ukamfaa. Alikuwa anacheka peke yake. Miaka yote ile aliwajua minyoo wake kwa nje, kwa urefu na kwa afya, na sasa alikuwa amefunguliwa mlango wa ndani akakuta kuna pilikapilika.

Baada ya miezi michache Daktari akapata kitu kikubwa. Katikati ya vipande vya minyoo alikuta kipande kimoja ambacho kinajulikana kuwa cha samaki. Vipande hivi, kumbe, mara chache sana huweza kuvuka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, na hakuna ajuaye vizuri vinavukaje. Mnyoo aliyebeba kipande cha samaki ingekuwa ni habari ya dunia nzima. Daktari hakulala. Mkurugenzi wa taasisi, ambaye kwa kawaida hupita kwenye chumba cha konokono ameziba pua, alikuja akasimama humo dakika kumi nzima. Makala ikaandikwa kwa ajili ya jarida kubwa, na kwenye orodha ya waandishi, wa tatu kutoka juu, likawekwa jina la dada yangu.

Sitajifanya nilipokea kwa utulivu. Nilifunga duka mchana kweupe. Mama yetu alitangaza mtaa mzima, akachanganya kidogo, watu wakaelewa kwamba mwanawe amevumbua samaki. Taasisi ilikuwa imepanga siku ya kuitangaza makala hiyo kwa wageni, na mimi nikatoa kitambaa cha kijani nilichokuwa nimekificha kwa ajili yangu, nikamkatia dada gauni. Nilipompima aliniachia mikono kama mtoto, anaangalia ukutani. Nilidhani ni furaha imemzidi. Nikamuuliza ana nini.

"Minyoo wangu hawajawahi kuonana na samaki," akasema.

Nikamwambia asilete mkosi. Akasema alishamuuliza Daktari, na Daktari alimjibu vizuri tu: kuvuka kwenyewe kungeweza kutokea zamani mno, kwa mababu wa minyoo, kabla hata ya binadamu kuwapo. Jibu hilo halikuwa na ubaya. Ila kitu ambacho kimekaa kwa mnyoo tangu enzi hizo, dada akasema, kitakuwa kimechakaa, herufi zimebadilika hapa na pale kama nguo iliyofuliwa miaka. Kipande cha Daktari kilikuwa kipya kabisa. Kilifanana na cha samaki wa leo herufi kwa herufi.

Lazima nieleze hapa jambo la kazi yao, na sitarefusha. Mnyoo mmoja ni mdogo kama kipande cha uzi. Vinasaba unavyopata kwake ni vichache hivi kwamba ukivizungusha kwenye mashine vishuke chini ya tyubu huoni kitu, na kumwaga maji bila kumwaga vinasaba ni bahati nasibu. Kwa hiyo mafundi wa zamani walikuwa na ujanja wao. Walitia tone la vinasaba vya samaki, vinavyouzwa tayari kwenye chupa, ili vishuke pamoja na vile vya mnyoo na vionekane chini kama wingu jeupe. Waliviita kibebeo. Enzi zile havikuwa na madhara, kwani vipimo vyao vilitafuta kitu kimoja tu cha mnyoo na kuacha mengine. Lakini mashine ya Daktari haiachi kitu. Inasoma kilichomo chote, cha mnyoo na cha chupani.

Daktari alifundishwa ujanja huo na mwalimu wake akiwa masomoni, na mkono ukauzoea kiasi kwamba hakuona kama ni kitu cha kutaja. Kila mtu pale anajua lazima ufanye pia tyubu tupu, isiyo na mnyoo, ili kama kuna uchafu ujionyeshe humo. Alifanya. Ila kibebeo alitia kwenye tyubu zenye mnyoo peke yake, kwa sababu ndizo zilizokuwa na kitu cha kubebwa. Kwenye ile tupu alitia maji matupu, akaipeleka, ikatoka safi, akafurahi. Dada aliniambia baadaye, huku anatikisa kichwa: tyubu yake tupu ilikuwa tupu mno.

Yeye aligundua kwa sababu friza ni lake. Chupa ya samaki hukaa rafu ya pili nyuma ya vitu ambavyo havijaguswa miaka, na alipokuwa anaondoa barafu akaiona imesogezwa mbele na imepungua nusu. Akakaa nayo mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akafanya kazi yake mwenyewe, siku nne mfululizo, baada ya kuwalisha konokono. Akachukua mabuu waliotoka kwa konokono asubuhi ileile, akawapokea kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, akatoa vinasaba vyao bila tone la kibebeo, akapima alama ya samaki. Hakuna. Akachukua minyoo wakubwa, hivyo hivyo. Hakuna. Akachukua tyubu isiyo na mnyoo kabisa, akatia kibebeo. Samaki huyo hapo, mstari mnene unaong'aa kwenye picha ya kipimo. Akarudia mara tatu, akayaandika matokeo kwenye karatasi mbili kwa mwandiko wake ule wa shule, akampelekea Daktari.

Daktari alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema ataangalia. Neno hilo nalijua. Ndilo ninalowaambia wateja ambao vitambaa vyao bado vimo kwenye mfuko. Pia akasema kwamba mashine ilimwonyesha vipande ambavyo nusu ni mnyoo na nusu ni samaki, vimeungana, na hilo uchafu hauwezi. Dada akamjibu kwamba katika kuviandaa kwa ajili ya mashine ncha zote hutiwa gundi, na gundi haichagui cha kushika. Daktari akasema ataangalia na hilo pia.

Ikaja fomu ya jarida. Kila mwandishi alitakiwa kutia sahihi kwamba ameisoma makala na anaithibitisha. Wote walitia. Dada akaikunja fomu yake, akaja nayo nyumbani, akaiweka mezani ikiwa tupu. Na hapo ndipo mimi na yeye tulipokosana, sikufichi, tukakosana vibaya kuliko siku yoyote tangu utoto. Nilimwambia ana wivu na furaha yake mwenyewe. Nilimwambia ameosha vyombo vya watu mpaka kucha zimelainika, hatimaye wanamtaja, na yeye anatafuta kasoro kama mama mkwe. Nikamwambia wasomi sita wametia sahihi, wewe ni nani. Nikamkumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Nimeyavulia nguo," akasema, "nimeyachungulia, nimeona si maji. Navaa nguo zangu."

Nikamuuliza sasa jina lake litatokea wapi. Akasema halitatokea. Alisema hivyo huku macho yamemjaa, ila sauti haikutetemeka hata kidogo. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amelingojea, sasa wamelibandika kwenye uongo, na alisema afadhali libaki kwenye kitambulisho peke yake.

Asubuhi alimrudishia Mkurugenzi fomu ikiwa na sentensi moja: sitii sahihi kwa sababu samaki ametoka kwenye chupa. Mkurugenzi akamwita, akamwambia kwa upole kwamba mambo haya ni mazito kidogo kwa kiwango chake cha elimu. Dada akamwambia friza haliulizi cheti. Jina lake likafutwa, makala ikaenda bila yeye, na kwa wiki kadhaa watu wa taasisi walimsalimia kama anayeumwa kitu cha kuambukiza. Gauni la kijani nililiuza kwa mteja aliyelingana naye mwili. Nilikuwa bado nimenuna.

Jarida halikuichapisha. Kabla ya kuchapisha huwapa wataalamu wengine waikague, na mmoja wao alikuwa kwenye maabara ya mbali ambayo miaka mitatu nyuma ilipelekewa konokono wa dada, wale wa kwenye pamba. Walikuwa na minyoo wa ukoo uleule. Wakawasoma. Wakaandika kwa adabu ya kizungu ile inayouma kuliko tusi, kwamba hawajaona samaki yeyote, na wanaomba taasisi ieleze alitokea wapi.

Mwenye kuelewa angesema ukweli pale pale yakaisha. Lakini wageni walikuwa wameshaalikwa, wafadhili wameshaandikiwa, na Mkurugenzi alihitaji maelezo yasiyomgusa mtu mwenye shahada. Akamwita dada tena. Mezani kulikuwa na karatasi iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba uchafu uliingia kwenye sampuli kutokana na uzembe wa fundi katika kuosha minyoo, na kwamba fundi amekiri na kuomba radhi. Chini kulikuwa na jina lake kamili, safi, kwa herufi kubwa, likingoja sahihi. Wakati wa kumtaja kwa heshima lilikuwa la tatu. Wakati wa kumtupia lawama lilikuwa peke yake.

Mkurugenzi akamweleza kwamba akitia sahihi atapewa onyo tu, abaki hadi kustaafu kwake, miaka miwili ijayo. Asipotia, ni kamati ya nidhamu, na kamati ikimkuta na hatia anaondoka bila kiinua mgongo. Dada aliisoma karatasi mara mbili. Akauliza kama anaweza kuazima kalamu. Mkurugenzi akampa, akiwa ameanza kutabasamu. Dada akapiga mstari juu ya neno uzembe, akapiga juu ya neno amekiri, akapiga juu ya kuomba radhi, na alipoona kilichobaki hakina maana akapiga mstari karatasi nzima, akarudisha kalamu na kifuniko chake. Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo, wiki mbili, mpaka kamati ikutane.

Hapo hasira yangu ikahama kwake ikaenda inakostahili. Nilitaka kwenda pale getini nikawaambie ninachokijua kuhusu mama zao. Dada akanikataza. Akaja kukaa nami dukani, na Mungu anisamehe, alikuwa mzigo. Alipanga nyuzi zangu kwa rangi. Aliwaambia wateja ukweli kuhusu vipimo vyao vya kiuno. Kila baada ya dakika chache alitazama saa na kusema sasa wanapaswa kuwekwa kwenye mwanga, sasa wanapaswa kupewa majani.

Siku ya tatu simu ikalia. Ni Daktari. Chumba cha konokono kilikuwa kimeachwa kwake kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua hata pa kuanzia, na maji yalikuwa yamegeuka maziwa, konokono wanapanda kwenye kuta za tangi wakitaka kutoka. Nilimpa dada ishara akate. Nikamwambia waache wafe, ukoo ukikatika ndipo watajua nani ni nani. Akafunika simu kwa kiganja.

"Konokono hawajaniandikia barua," akaniambia. Kisha akamuuliza Daktari amewapa majani kiasi gani.

Alikuwa amewajazia chakula cha wiki, kikaoza. Dada akamwelekeza hatua kwa hatua: ndoo ipi, maji ya siku ngapi, konokono yupi amtoe. Kesho yake Daktari akapiga tena, na kesho kutwa, ikawa kila siku saa nne asubuhi. Hakuwahi kutaja kamati, na dada hakumtaja samaki. Nikamwambia dada amempata kijana wa watu mkononi, ambane akiri. Akasema aliyepanda mchongoma ni yeye, acha ashuke mwenyewe, asije akasema alisukumwa.

Siku ya tisa ilikuwa zamu ya kutoa minyoo kwa panya na kuwaosha, na Daktari hakuwahi kuosha mnyoo maishani mwake. Siku zote aliwapokea wakiwa wameoshwa. Dada akamwambia afanye kwa maji yaliyochemshwa, mara tatu, abadilishe kijiko kila mara. Ilimchukua Daktari asubuhi nzima, simu ikiwa mezani kwake imewashwa, tunamsikia anahema. Alipomaliza, dada akamwambia kwa kuwa ameshavaa glovu afanye na tyubu moja tupu, atie kila alichotia siku zile za makala, ila mnyoo.

Kesho yake hakupiga saa nne. Alipiga saa nane mchana.

"Mama," akasema.

"Eeh."

"Tyubu tupu ina samaki."

"Najua, mwanangu. Nilikuandikia." Halafu dada akamuuliza kama konokono wa tangi la mwisho wameanza kutaga. Daktari akasema wameanza. Nikanyang'anya simu nimwulize sasa atasema nini kwenye kamati, nikakuta imeshakatwa.

Kamati ilikaa siku ya kumi na nne, kwenye chumba chenye meza ndefu na viti vilivyotoboka. Sheria yao inamruhusu mtuhumiwa kuja na ndugu mmoja, mradi ndugu anyamaze, na dada alinichukua mimi nadhani kwa ujasiri tu. Mkurugenzi alikaa katikati na wajumbe wawili, katibu pembeni na daftari lake, Daktari karibu na dirisha. Niliona mikono ya Daktari. Ilikuwa imekauka na kuchanika kwenye viungo vya vidole, mikono ya mtu aliyeshinda kwenye ndoo.

Mkurugenzi alisoma ile karatasi, imechapwa upya. Akazungumza kuhusu heshima ya taasisi, akasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Dada akasema hapo kwenye samaki wamekubaliana, na mjumbe mmoja akajikohoza. Kisha wakamsogezea karatasi na kalamu.

Dada akasimama. Ni mfupi, hata akisimama si kitu cha kutisha.

"Nimewaosha minyoo hawa tangu huyu Daktari akiwa anajifunza kusoma," akasema. "Mkitaka kunifukuza kwa kuwa nimekataa amri, andikeni hivyo, nitatia sahihi sasa hivi, maana ni kweli nimekataa na nitakataa tena. Mkitaka kunifukuza kwa mikono michafu, hamtanipata. Mlipotaka kunisifu kwa uongo nilikataa. Mkinilaumu kwa uongo nitakubali kwa nini?"

Akasukuma karatasi ikateleza mezani mpaka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akamwambia katibu aandike kwamba mtuhumiwa amekataa kushirikiana. Katibu akaandika. Mkurugenzi akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari, na Daktari akainuka pale dirishani. Nilisahau sheria nikasema kwa sauti, haya.

"Ni mimi," Daktari akasema. Alikuwa anatazama meza. "Nilitia kibebeo kwenye tyubu za minyoo, ile tupu sikuitia. Mama aliniletea karatasi mbili zinaeleza yote, nikazifungia kwenye droo. Nilitaka samaki awe wa kweli."

Mkurugenzi akamwambia akae, hayo watayaongea ofisini, wao wawili. Akamgeukia katibu akamwambia hilo si sehemu ya kikao. Katibu akainua kalamu kutoka kwenye karatasi, akatazama huku na huku, hajui amsikilize nani. Daktari akaanza kukaa. Alikuwa ameshakunja magoti, na niliona wazi kwamba akikaa tu hasimami tena, si siku hiyo wala nyingine.

"Usikae, mwanangu," dada akasema. "Katibu hajaandika. Sema tena, polepole. Anza na jina lako, halafu utaje la aliyekuambia."

Daktari akanyooka. Akasema tena, neno kwa neno, safari hii akimtazama katibu, na kalamu ikateremka ikaanza kwenda. Alipofika pa mwisho alitaja jina la dada yangu, la kwake, la baba yetu na la babu, yote matatu, ndani ya chumba kile. Katibu akasimamisha kalamu. Amefanya kazi jengo moja naye miaka ishirini na mitatu, na alilazimika kuuliza linaandikwaje. Dada akamsogelea, akainama juu ya daftari, akamtajia herufi moja moja, na hakuondoa macho mpaka alipoiona ya mwisho.